Charles Schepens: Bingwa wa retina aliyewahadaa Wanazi

JICHO lililowekwa lenzi bandia humpa mwenyewe nafuu kubwa, lakini humpa kazi ngumu daktari atakayelazimika kulifungua tena siku retina itakapobanduka. Lenzi ile ile inayomwezesha mgonjwa kuona nje ndiyo inayomzuia mpasuaji kuona ndani.

Tatizo hilo la kuona ndani ya jicho, hasa katika pembe zake za mbali, ndilo lililomshughulisha Charles Louis Schepens kwa zaidi ya nusu karne. Katika fani ya tiba ya macho, Mbelgiji huyo aliyehamia Marekani hutajwa kama baba wa upasuaji wa kisasa wa retina. Wasiojulikana sana ni watu zaidi ya 100 waliookoka vita kwa sababu yake, wakati ambapo hakuwa daktari bali mfanyabiashara wa mbao mwenye jina la uongo.

Schepens alizaliwa Machi 13, 1912, katika mji wa Mouscron, Ubelgiji, karibu na mpaka wa Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari. Kijana huyo alianza kwa kusomea hisabati kabla ya kubadilisha nia na kuingia katika udaktari, akahitimu Ghent mwaka wa 1935. Hisabati hiyo haikupotea bure. Elimu ya mwanga na vioo ni hisabati tupu, nayo ndiyo iliyokuja kumtofautisha na wapasuaji wengi wa kizazi chake. Alijiendeleza katika hospitali ya macho ya Moorfields jijini London, kisha akarejea kwao.

Majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Ubelgiji mnamo Mei 1940, Schepens alihudumu kama daktari wa kikosi cha wanahewa. Nchi iliposalimu amri, alirudi Brussels kutibu macho. Haikupita muda mrefu kabla ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, kumkamata kwa tuhuma kwamba gari lake lilitumiwa kuwasafirisha marubani wa mataifa yaliyokuwa yakipigana na Ujerumani. Tuhuma hizo hazikuwa za kweli. Lakini alipoachiliwa, mtu ambaye hadi hapo hakuwa amejiingiza katika siasa alianza kuwasaidia kwa dhati wapinzani wa utawala huo.

Mwaka wa 1942, akijua kwamba anasakwa tena, alitorokea Paris. Kutoka huko aliteremka hadi Mendive, kijiji cha jamii ya Wabasque chini ya milima ya Pyrenees, karibu na mpaka wa Uhispania. Alijiita Jacques Pérot. Hapo alifufua kiwanda cha kupasulia magogo kilichokuwa na waya mrefu wa kusafirishia miti kutoka katika msitu wa Iraty, juu milimani.

Kiwanda kilikuwa cha kweli. Miti ilikatwa na mbao zikauzwa, nyingine kwa Wajerumani wenyewe. Majirani wengi walimwona Pérot kuwa kibaraka wa wavamizi, naye hakuwakanusha, kwa kuwa dhana hiyo ilikuwa kinga yake. Nyuma ya biashara hiyo, watu waliokimbia utawala wa Nazi walifika kijijini wakijifanya vibarua, wakapandishwa msituni pamoja na vifaa vya kazi, na usiku wakavushwa kuingia Uhispania. Nyaraka za siri nazo zilipitia njia hiyo.

Aliyewaongoza juu ya milima alikuwa Jean Sarochar, mchunga kondoo wa kijiji hicho ambaye wenzake hawakumthamini sana, ila alizijua njia za mlima kuliko askari yeyote wa doria. Urafiki wa wawili hao, daktari msomi na mchungaji, ulidumu hata baada ya vita kwisha.

Mnamo 1943 siri ilifichuka. Maafisa wa Gestapo walipomfikia kiwandani, Schepens aliwaomba nafasi ya kuwapa vibarua maagizo, akapenya na kutokomea msituni. Alijificha kwa zaidi ya wiki mbili kabla ya kuvuka mpaka kwa njia aliyokuwa amewavushia wengine, na hatimaye akafika Uingereza. Mkewe na watoto wao, waliobaki mikononi mwa adui, nao walikuja kuvuka milima hiyo kwa miguu na familia ikaungana tena.

Baada ya hapo alilifumbia mambo hayo kinywa kwa miongo mingi. Wengi waliofanya kazi naye Marekani walimjua tu kama mwalimu mkali, asiyevumilia mchoro wa retina uliochorwa kwa uzembe.

Alirudi Moorfields wakati London ingali ikipigwa kwa mabomu ya kuruka. Hapo ndipo alipolishika suala ambalo hakuliacha tena maishani.

Ni vyema kueleza retina ni nini. Ni utando mwembamba uliotandazwa ndani ya ukuta wa nyuma wa jicho, ambao hupokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo kama habari. Uwazi wa jicho umejaa ute mzito kama utomvu. Ute huo unapolegea na kuvutana na retina, unaweza kuitoboa. Majimaji hupenya tunduni, yakaingia nyuma ya retina na kuibandua kama karatasi ya ukutani iliyolowa. Sehemu iliyobanduka hukosa lishe inayotoka katika tabaka lililo chini yake, na isiporejeshwa mahali pake hufa.

Hadi miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa upofu usio na dawa. Mswisi Jules Gonin, wa mji wa Lausanne, ndiye aliyethibitisha kwamba chanzo ni tundu, na kwamba tundu likitafutwa na kuzibwa kwa kuchomwa, retina hurudi. Gonin alifariki mwaka wa 1935, mwaka ule ule Schepens alipohitimu. Aliacha kanuni sahihi, lakini utekelezaji wake ulikwama kwa jambo moja: daktari angelizibaje tundu asiloliona?

Vifaa vya wakati huo vilimwezesha daktari kutazama kwa jicho moja tu, na kuona eneo dogo la katikati ya retina. Matundu mengi hutokea pembezoni, karibu na mbele ya jicho, nyuma ya lile duara lenye rangi. Schepens alitaka kuyaona kwa macho yote mawili ili apate kutambua kina, kwa mwanga mkali, huku mkono mmoja ukiwa huru.

Akiwa London aliunda kifaa cha kuvaliwa kichwani, chenye taa na vioo vinavyogawa picha kwa macho mawili ya daktari. Vyuma vyake alivipata katika takataka za majengo yaliyobomolewa na mabomu. Daktari huvaa kifaa hicho, akashika lenzi ndogo mbele ya jicho la mgonjwa, na kwa mkono wa pili akaubonyeza ukuta wa jicho kwa nje ili ukingo wa retina uinuke na kuonekana. Picha anayoiona huwa imepinduliwa, juu chini na kulia kushoto, na mwanafunzi huhitaji miezi mingi kabla ya kuizoea. Kifaa hicho cha kwanza kilihifadhiwa katika taasisi ya Smithsonian nchini Marekani, na vizazi vyake viko vichwani mwa madaktari wa macho kote duniani hadi leo.

Mnamo 1947 Schepens alihamia Boston. Miaka miwili baadaye alianzisha katika hospitali ya Massachusetts Eye and Ear Infirmary idara iliyoshughulikia retina peke yake, jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni, na mwaka wa 1950 akaasisi taasisi ya utafiti ambayo baadaye ilipewa jina lake. Madaktari kutoka mabara mbalimbali walikwenda kujifunza kwake, na wengi wakarudi makwao kuanzisha idara kama hiyo.

Ni huko Boston alikoikamilisha njia yake ya upasuaji. Mjerumani Ernst Custodis alikuwa amefikia wazo linalofanana na hilo karibu wakati ule ule. Badala ya kuivuta retina irudi ukutani, Schepens aliusogeza ukuta uifuate retina. Alishona kitu kigumu kiasi, na baadaye mkanda wa silikoni, juu ya sehemu nyeupe ya jicho, ili ukuta ubonyee ndani mahali palipo na tundu. Mkanda uliweza kulizunguka jicho zima kama mshipi kiunoni. Upasuaji ambao awali ulifaulu kwa wagonjwa wachache mno ukaanza kufaulu kwa walio wengi.

Mapema sana alitambua kundi moja la wagonjwa lililohitaji kutazamwa peke yake. Mnamo 1951 alichapisha utafiti wake kuhusu kubanduka kwa retina katika macho yaliyotolewa lenzi kwa sababu ya mtoto wa jicho. Siku hizo, lenzi iliyoingia ukungu ilitolewa nzima, na mgonjwa akavaa miwani minene mno kwa maisha yake yote. Lenzi ikishaondoka, ute wa jicho hupata nafasi ya kusogea mbele, hujitenga na retina mapema kuliko ilivyotarajiwa, na katika kujitenga huivuta. Matundu yanayotokana na mvutano huo aghalabu huwa madogo kama ncha ya sindano, huwa zaidi ya moja, na hukaa mbele kabisa, pale pale ambapo bila chombo cha Schepens hapangefikiwa.

Wakati huo huo, huko London, jambo jingine lilikuwa limeanza. Mnamo Novemba 29, 1949, Harold Ridley, ambaye naye alikuwa mpasuaji wa Moorfields, aliweka lenzi bandia katika jicho la mgonjwa katika hospitali ya St Thomas'. Ilitengenezwa kwa aina ya plastiki iliyotumiwa kwa madirisha ya ndege za kivita. Wakubwa wa taaluma walimpinga kwa miaka mingi. Lakini kufikia miaka ya 1980 lenzi hiyo ilikuwa imeenea, na leo mtu akitolewa mtoto wa jicho bila kuwekewa lenzi huonekana kama ambaye kazi yake haikumalizika.

Kwa wapasuaji wa retina, baraka hiyo ilikuja na mzigo wake. Lenzi za miaka ya 1970 nyingi zilibanwa kwenye lile duara lenye rangi. Ili kuiona retina ni lazima mboni ipanuliwe kwa dawa, lakini mboni ikipanuka lenzi ya namna hiyo ilikuwa na hatari ya kuchomoka na kuanguka. Daktari akabaki kuchungulia kwenye tundu dogo, akitafuta shimo asilojua liko wapi.

Lenzi za baadaye huwekwa ndani ya kifuko cha lenzi ya asili, na hatari hiyo ikapungua. Hata hivyo, ukingo wa lenzi huvunja mwanga na kuipotosha picha ya pembezoni. Kifuko chenyewe huweza kuota ukungu au kusinyaa kikafunika njia. Mboni ya jicho lililokwisha kupasuliwa mara nyingi hukataa kupanuka sawasawa. Lenzi zenye miduara mingi, zinazomwezesha mtu kusoma na kuona mbali bila miwani, nazo hutawanya mwanga machoni pa mpasuaji anayefanya kazi inayopimwa kwa sehemu za milimita. Matokeo yake ni kwamba kuna wagonjwa wanaopelekwa katika chumba cha upasuaji bila tundu lolote kuonekana, ilhali retina imebanduka wazi.

Mambo yalibadilika kutoka upande ambao Schepens hakuwa ameuelekea. Mnamo 1970, huko Miami, Robert Machemer alianza kuingiza kifaa chembamba ndani ya jicho na kuukata na kuufyonza ule ute wenyewe, ambao ndio unaoivuta retina. Baada ya ute kuondolewa, matundu huzungushiwa alama za leza au baridi kali, na gesi au mafuta ya silikoni yakajazwa kuishikilia retina hadi iponee mahali pake.

Njia hii ina dosari moja kubwa kwa jicho lenye lenzi yake ya asili: huharakisha mtoto wa jicho. Katika jicho lenye lenzi bandia dosari hiyo haipo, kwa kuwa plastiki haioti mtoto wa jicho. Isitoshe, mpasuaji akiwa ndani anaweza kukata na kusafisha hadi kwenye ukingo wa mbele bila hofu ya kuigusa lenzi hai na kuiharibu.

Lakini huko ndani pia kuna vikwazo. Maji yanapotolewa na hewa kuingizwa, mvuke huganda nyuma ya lenzi bandia, hasa pale ambapo kifuko kimetobolewa kwa leza, na mara moja daktari huwa kama dereva ambaye kioo cha gari lake kimeingia ukungu katikati ya mlima. Hulazimika kuipangusa lenzi kutoka ndani au kuipaka ute mzito. Lenzi ikiwa ya silikoni, mafuta ya silikoni huweza kuigandamia yasitoke tena vizuri, na kwa sababu hiyo madaktari waangalifu hukwepa kuweka lenzi za aina hiyo kwa mgonjwa ambaye retina yake inatiliwa shaka. Gesi nayo huweza kuisukuma lenzi ambayo kifuko chake kilipasuka ikatoka mahali pake.

Hapa Kenya, ambako ugonjwa wa mtoto wa jicho ungali chanzo kikuu cha upofu, maelfu ya watu wamerudishiwa nuru kwa lenzi hizo, wengi wao katika kambi za matibabu mashinani. Wanaopatwa na kubanduka kwa retina baadaye ni wachache, chini ya mmoja kati ya 100 katika miaka michache ya kwanza endapo upasuaji ulikwenda vyema. Hatari huwa kubwa zaidi kwa vijana, kwa wanaume, kwa waliokuwa na shida ya kuona mbali, na kwa wale ambao kifuko chao kilipasuka mezani. Wapasuaji wa retina nao si wengi, na mgonjwa wa mbali huweza kupoteza siku za thamani akidhani kwamba lenzi ndiyo iliyoharibika. Mimweko kama ya radi, vidoti vyeusi vingi vinavyotokea ghafla, au kivuli kinachoshuka kama pazia si dalili za lenzi. Anayeviona anapaswa kufika kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo, kwa kuwa retina ikirejeshwa kabla ya kitovu chake kubanduka, uwezekano wa kusoma tena huwa mkubwa zaidi.

Kwa Schepens, ujio wa njia ya Machemer ulizua swali zito: je, mkanda wake ungali na nafasi? Wafuasi wa njia hizo mbili walibishana kwa miongo mitatu, kila upande ukileta wagonjwa wake waliopona.

Machi 21, 2006, serikali ya Ufaransa ilimtunuku Schepens nishani ya Légion d'honneur kwa yale aliyoyatenda Mendive. Alifariki wiki moja baadaye, Machi 28, akiwa na umri wa miaka 94, baada ya kupatwa na kiharusi.

Mwaka uliofuata, 2007, jibu lilitolewa na utafiti uliofanywa katika hospitali 25 za nchi tano za Ulaya. Katika macho yenye lenzi ya asili, mkanda uliwaacha wagonjwa wakiona vizuri zaidi. Katika yale 265 yaliyokuwa yametolewa lenzi, mengi yao yakiwa na lenzi bandia, kuondoa ute kulifaulu kwa upasuaji wa kwanza katika asilimia 72, huku mkanda ukifaulu katika asilimia 53. Walioshindikana mara ya kwanza walirudishwa mezani, na mwishowe zaidi ya asilimia 90 katika kila kundi retina zao zilirejea.

Kwa hivyo, katika jicho lenye lenzi bandia, mkanda wa Schepens umeachia njia nyingine nafasi ya kwanza, na hutumiwa zaidi kama nyongeza. Ila mpasuaji aliye ndani ya jicho hilo, kabla ya kuweka vifaa vyake chini, bado hulizunguka lote akiubonyeza ukuta kwa nje, nukta baada ya nukta, ili ukingo wa retina uinuke na tundu dogo lililojificha nyuma ya lenzi lionekane. Kabla ya hapo, chumbani kwa uchunguzi, mgonjwa huyo huwa amekwisha kutazamwa na daktari aliyevaa taa kichwani.